Ziwa Kwenye Ubao

Wote wanaopita kwenye kibanda cha wale vijana watatu wa Base Camp wanasifu mashine. Wageni wa mashirika wanapiga picha mashine. Watoto wanabanana dirishani kuangalia mashine. Mimi nataka kuongea juu ya vitu ambavyo mashine hiyo imechonga. Hivyo ndivyo vitabaki kwenye kuta zetu siku mota zitakapoungua, na mpaka leo sijasikia mtu akivizungumzia sawasawa hapa Nakivale, si kwa sifa wala kwa lawama.

Lakini kwanza mashine kidogo, ili tuelewane. Ina mota za kuisogeza pande tatu: kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Juu imefungwa mota nyingine inayozungusha biti ya kukatia. Akili yake ni kibodi kidogo cha Arduino chenye programu ya Grbl, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2009 na Mnorwe mmoja, Simen Svale Skogsrud, na ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia bila kulipa. Mota hizi haziendi kwa kuteleza, zinaenda kwa hatua: hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Kila hatua inagawanywa tena mara 16, na skrubu inasogea milimita 8 kwa mzunguko. Piga hesabu, utapata hatua ndogo 400 ndani ya milimita moja. Faili lenyewe ni mistari ya amri tu: nenda hapa, shuka milimita 2, songa mpaka pale, panda.

Jambo moja la kushika ni hili: mashine ya aina hii haina macho. Inahesabu hatua inazoamrisha, haijui kama mota imezipiga kweli. Biti ikigonga fundo la mti na mota ikaruka hatua kadhaa, mashine inaendelea na kazi kwa imani yote, na kila kinachofuata kinakaa pembeni. Kwa hiyo ukiona ubao mzuri usiseme mashine ni hodari. Uliza ni nani aliyeipa maneno ya kusema.

Nimekaa na vitu tisa. Vitatu vya kwanza ni simba, tai, na Karamu ya Mwisho. Kazi ni safi: manyoya ya simba ni mistari myembamba isiyokatika, na vidole vya mitume vinahesabika. Ila simba huyu yuko kwenye kompyuta za dunia nzima. Faili linapakuliwa bure, linachongwa Brazili, linachongwa Poland, na sasa linachongwa hapa. Nimemwangalia huku na huku nikitafuta uamuzi wa mtu, hata mmoja. Sikuuona.

Hapo wazee fulani wataruka: si tulisema, cha mkono ni sanaa, cha mashine ni biashara! Hapana, sikubaliani nao. Angalieni historia ya Wakamba wa Kenya. Mutisya Munge alijifunza uchongaji alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao nyumbani Wamunyu, na kazi ikaenea kijiji kizima. Leo ukienda kwenye maduka ya watalii Nairobi au Mombasa utakuta twiga wamepangwa safu, shingo zao sawa, madoa yao sawa, na wote wamechongwa kwa mkono. Mkono nao unaweza kunakili bila kufikiri. Kosa la simba wa Base Camp ni kwamba hakuna aliyemuuliza anakuja kwetu kufanya nini.

Vitu vinne vinavyofuata ni vibao vya ofisi na vya maduka. Kwa ufundi ndivyo bora kuliko vyote, na nitaeleza kwa nini. Vimechongwa kwa biti yenye ncha ya V ya nyuzi 60. Biti hiyo ikitaka mstari mpana lazima ishuke chini zaidi: mstari wa milimita 6 unahitaji kina cha milimita 5 na kidogo. Mstari mwembamba unabaki juujuu. Basi herufi yenye miguu minene na mikono myembamba inapanda na kushuka ndani ya ubao, na jua la saa kumi likipiga kutoka pembeni utadhani fundi alitumia patasi. Vijana wamelijua hilo, wakachagua herufi zinazofaa. Huo ni uamuzi. Nimeuona na nimeupenda.

Kuna watu wanabeza vibao hivi eti ni vya kutafutia pesa. Sasa betri ya sola itanunuliwa na nani? Biti zikivunjika? Nyinyi wa mashirika mnaosoma jarida hili, endeleeni kuagiza vibao, na mlipe kwa wakati. Ninachoomba ni kimoja: msiwapelekee nembo tu na kusema weka hapa. Waambieni ukubwa na maneno, kisha waacheni wapange wenyewe. Kibao cha fundi cherehani, ambaye hakuwa na nembo yoyote, kinasomeka kuliko vile vingine vitatu.

Cha nane ni kibao cha kaburi, na hapa naomba tusome polepole.

Familia ilileta kadi ya marehemu. Vijana wakaandika jina kama lilivyo kwenye kadi, mashine ikachonga, kibao kikapendeza. Mama mzazi alipokiona akakirudisha. Herufi moja si ya mwanawe. Jina lilibadilika siku ya kuandikishwa, kama majina ya wengi wetu yalivyobadilika. Mwanawe alivumilia kuitwa hivyo kwenye foleni, lakini mama hakutaka alale chini ya jina la foleni. Wakachonga cha pili kwa kumsikiliza yeye. Tangu hapo, kabla ya kuwasha mota, mmoja anasoma jina herufi kwa herufi kwa sauti, na mwenye maiti anaitikia. Mimi kule kusoma kwa sauti nakuhesabu ni sehemu ya sanaa yao, tena sehemu iliyo bora. Mashine haina masikio, ndiyo maana wao wameamua kuwa na masikio.

Lakini kibao chenyewe kina upungufu, na sitanyamaza kwa sababu ni cha msiba. Kwanza, kimezungushiwa maua ya kupakua, waridi za nchi za watu, zinazolisonga jina. Ubao mtupu ungelipa jina heshima zaidi. Pili, herufi zina kina cha milimita 2 tu, kwenye msonobari. Masika mawili na mchwa, kwisha. Kibao cha duka kimechongwa milimita 5, cha kaburi milimita 2? Najua sababu: kina kinakula muda, muda unakula betri, na familia haikuwa na pesa. Hata hivyo, toeni maua. Dakika zilizoliwa na waridi zingetosha kushusha jina mpaka mahali ambapo mvua haitalifuta.

Cha tisa ni ziwa.

Ni Ziwa Tanganyika kwenye kipande cha mvule kilichobaki kwa fundi wa vitanda. Ziwa lenyewe lina sentimita 60 kutoka kaskazini hadi kusini, na mahali penye upana mkubwa linazidi sentimita 6 kidogo. Limechongwa kwa ngazi sita za milimita 2, kama kilima kilichogeuzwa, mpaka chini kabisa. Ziwa la kweli lina urefu wa karibu kilomita 670, na kina chake kikubwa ni mita 1,470. Kama vijana wangefuata kipimo kilekile cha urefu, kina chote kingekuwa milimita 1 na kidogo, hata kidole kisingejua kimeingia majini. Wao wameshuka milimita 12. Wamelizidisha mara tisa hivi. Hakuna faili lililowalazimisha. Waliamua kwamba ziwa hili, kwa watu waliolivuka usiku, lina kina kuliko ramani inavyosema. Hapo ndipo mashine ilipoacha kunakili.

Tena wamefanya jambo jingine kwa kutofanya. Maji ya Tanganyika ni ya nchi nne: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, na kwenye ramani za shule mipaka inapita katikati ya maji. Kwenye mvule hakuna hata mstari mmoja wa mpaka. Mrundi na Mkongomani wanasimama mbele ya ubao uleule.

Mzee mmoja wa Baraka hakuuangalia sana. Aliushika. Alitembeza kidole ufukweni upande wa magharibi, akakisimamisha kwenye rasi ya Ubwari, akaanza kutaja vijiji kimoja kimoja. Nikakumbuka lukasa ya Waluba wa kusini-mashariki mwa Kongo: kibao cha mbao kinachotosha mkononi, chenye shanga na nakshi, ambacho watu wa chama cha Mbudye walikigusa kwa kidole huku wakisimulia habari za wafalme. Kibao hakina hadithi nzima ndani yake. Kina mahali pa kuweka kidole, na mwenye kujua anasema. Ziwa hili limefika karibu na hapo.

Karibu, halijafika. Ufukweni wamechonga majina ya miji mikubwa peke yake: Uvira, Bujumbura, Kigoma, Kalemie, Mpulungu. Hiyo miji kila ramani inayo. Vijiji alivyotaja mzee havimo, na kila mwaka wanaoweza kuvitaja wanapungua. Halafu vanishi imepigwa nyingi mno, ngazi za maji zinang'aa kama sahani, na kidole kinateleza kabla hakijasoma. Msasa mwepesi na mafuta kidogo vingetosha.

Wadogo zangu, mmeshathibitisha kwamba mashine inafanya kazi. Simba mwacheni aende zake. Chongeni ziwa la pili, na kabla ya kuchora chochote kaeni na wazee wa Fizi, wa Uvira, wa Rumonge, mwandike vijiji kwa herufi wanazotamka wao, mkiwasomea kwa sauti kama mnavyosoma majina ya marehemu. Mbao zikikosekana, semeni. Mimi nina ubao mmoja wa mvule chini ya kitanda, na hauna kazi nyingine.