Kuagiza na Kuomba Katika Soko la Songea

Amri ya Kiswahili hukaa kwenye kitenzi kikavu: "pima", "funga", "chagua". Wanaoambiwa wakiwa wengi huongezwa -ni, na -a hugeuka -e: "pimeni", "fungeni". "Njoo", "nenda" na "lete" hazifuati mkondo huo. Kiambishi cha mtendwa kikitangulia, irabu ya mwisho hugeuka vilevile: "nipe", "mpimie". Hakuna kinachobadilika kwa sababu ya umri au cheo cha anayeambiwa.

Kihindi, kinyume chake, hupanga heshima ndani ya kitenzi chenyewe. "Nipe" huwa "de" kwa mtu wa kiwakilishi "tu", yaani mtoto au mwandani. "Do" kwa rafiki wa "tum". Na "dijiye" kwa mtu wa "aap", anayestahili heshima. Msemaji hana budi kuchagua ngazi kabla hajafunga sentensi.

Kiswahili hakina ngazi hizo, kwa hiyo kazi ya kuonyesha heshima hufanywa nje ya kitenzi, na sehemu kubwa hufanywa kabla ombi halijatamkwa. Sokoni Songea, kijana anayetaka maharage kwa mama mtu mzima huanza: "Shikamoo, mama." Akishaitikiwa marahaba, husema: "Naomba maharage kilo mbili." Hapo hakuna amri hata moja, kuna taarifa tu kwamba anaomba. Akihitaji tendo, huunganisha: "Naomba unipimie yale mekundu." Kitenzi cha pili hubeba u- mwanzoni na -e mwishoni, na ukali wa amri hupotea.

Kwenye bei mambo hugeuka. "Nipunguzie basi, mama" ni amri kamili kisarufi, lakini haimuudhi mtu. Ni- na kauli ya kutendea humweka mnunuzi katika nafasi ya mfadhiliwa, na "basi" humalizia ubembelezi. "Punguza" peke yake ingesikika kama agizo la bosi. Mahali nako huhesabika: Nairobi "nipe" hupita bila neno; Songea, ikitangulia salamu, huonekana ufidhuli.

"Tafadhali" husikika kidogo kuliko vitabu vya kufundishia wageni vinavyodai. Makao yake hasa ni kwenye matangazo na barua, kama "kripaya" ya Kihindi. Katazo nalo hulainishwa kwa njia ileile ya "naomba": "usichanganye" huwa "naomba usichanganye na ya zamani", na muuzaji huinua kopo lingine.