Pua ya Bawa Iliyowaweka Wanafunzi wa Hannover Angani

Tarehe 18 Agosti 1922, juu ya mlima Wasserkuppe nchini Ujerumani, Arthur Martens alikaa hewani zaidi ya saa moja katika glaida, yaani ndege isiyo na injini. Kesho yake mwenzake, Friedrich Hentzen, akapaa na ndege hiyohiyo kwa saa mbili, na tarehe 24 akafikisha saa tatu na dakika 10. Wote wawili walikuwa wanafunzi wa chuo cha ufundi cha Hannover, na ndege yao iliitwa Vampyr. Miaka miwili kabla, katika mashindano ya kwanza mlimani hapo, mruko uliotia fora ulikuwa wa Wolfgang Klemperer wa klabu ya Aachen: dakika 2 na sekunde 22. Mlima ulikuwa uleule na upepo uleule. Kilichobadilika ni bawa, na kwa maoni yangu sehemu moja tu ya bawa ndiyo inayobeba sifa kubwa kuliko zote.

Upepo ukigonga mteremko hauna pa kwenda ila juu. Glaida nayo wakati wote inashuka ndani ya hewa inayoibeba. Hewa ikipanda haraka kuliko glaida inavyoshuka, rubani hupanda nayo. Kwa hiyo mjenzi ana kazi ya kupunguza kasi ya kushuka, na njia mojawapo ni bawa refu lililo jembamba. Tatizo ni kwamba bawa la namna hiyo hujisokota. Ncha zake zikijipinda kwa nguvu ya hewa, rubani hawezi kuitawala ndege, na bawa laweza kukatika. Wajenzi wengi walijikinga kwa kufunga nguzo na nyaya nje ya bawa, na kila waya ukaongeza ukinzani wa hewa.

Georg Madelung, aliyesanifu Vampyr, alipita njia nyingine. Ndani ya bawa aliweka boriti moja kuu. Kutoka juu ya boriti hiyo, plaiwudi nyembamba ilizungushwa mbele kwenye pua ya bawa, yaani ukingo wake wa mbele, ikarudi chini mpaka kwenye boriti tena, ikagundishwa. Likapatikana bomba lenye umbo la herufi D, kutoka shina la bawa kuelekea ncha. Chukua karatasi uisokote: inajipinda bila ubishi. Ikunje iwe bomba, gundisha ukingo wake, kisha ujaribu tena; utaona inavyokataa. Nyuma ya boriti zilitosha mbavu nyepesi na kitambaa, kwa kuwa mzigo wa msokoto ulikwisha kubebwa mbele. Bawa likafikia mita 12.6 kutoka ncha hadi ncha bila waya hata mmoja nje, na ndege nzima ikawa na uzito wa takriban kilo 120 bila rubani.

Mabawa yalijengwa katika kiwanda cha mabehewa ya reli cha Hannover. Sioni doa hapo: wanafunzi walijua mahali pa kupata mafundi wa mbao wazuri kuliko wao. Gia ya kutua nayo ilikuwa rahisi ajabu, mipira ya miguu iliyochomoza chini ya kiwiliwili.

Kupaa kulitegemea kamba ya mpira, mbinu aliyoileta Klemperer mwaka 1920. Kamba hufungwa katikati kwenye ndoana ya pua ya ndege, vijana hushika ncha zake mbili, na wengine huzuia mkia. Amri ni tatu: vuta, kimbia, achia. Ndege huondoka kama jiwe la manati.

Wanafunzi wa Hannover hawakurukia rekodi siku moja. Mashindano ya 1920 yalikuwa yamemuua rubani Eugen von Loessl, hivyo kila mtu mlimani alijua gharama ya haraka. Septemba 1921 Martens aliijaribu Vampyr kwa dakika 15 na sekunde 40, akasafiri kilomita 7.5. Ndipo wakairudisha karakana, wakaiboresha, na kuileta tena mwaka uliofuata.

Pua hiyo ya plaiwudi iliendelea kutumika katika glaida za mbao kwa miongo kadhaa, mpaka faiba ya kioo ilipochukua nafasi ya mbao. Vampyr yenyewe imehifadhiwa na jumba la makumbusho la Deutsches Museum, Munich.