Maji ya Kinjeketile na Boma la Mahenge

Nguzo za makaburi ya kale ya Kunduchi zilipachikwa mabakuli ya kauri kutoka China. Mabakuli hayo hayakutiwa wali. Yalibeba heshima ya marehemu. Kwa jicho hilohilo yafaa kuyatazama maji ya dawa katika *Kinjeketile*, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969.

Swali la mazoea ni kama maji yalizuia risasi. Hussein anatangulia kuuliza yalifanya kazi gani kabla ya risasi, na jibu lake ni kwamba yaliyakusanya makabila yaliyozoea kutengana, yakawa jeshi moja. Kazi hiyo maji yaliiweza. Lakini neno likishatoka halirudi: waliopewa umoja walidhani wamepewa ngao. Tarehe 30 Agosti 1905, walipolishambulia boma la Mahenge, bunduki za rashasha ziliwafyeka.

Kihistoria, Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, kabla ya Mahenge. Hussein anamwacha hai aone kushindwa, kisha akatae kuyakana maji. Hapo ndipo penye nguvu ya tamthilia.

Upungufu wake umo ghalani. Pazia linashuka Kinjeketile akiwa kifungoni, ilhali vita viliendelea hadi 1907, na Wajerumani walichoma mashamba na vyakula hata njaa ikaua wengi kuliko risasi. Maji yaliweza kulikusanya jeshi, hayakuweza kulilisha. Onyesho hilo la mwisho Hussein hakuliandika.