Nyota Isiyo na Jina

Kasha la babu lilifunguliwa mara moja tu kwa mwaka, masika yakishapita na kusi ikishashika. Bibi hakutazama kalenda. Alinusa ukuta wa chumba chake, kule Tanga, na siku harufu ya unyevu ilipokatika aliniita: "Mume wangu, njoo unishikie huku." Nami, mume wa utani wa miaka minane, nilishika mkono wa kushoto wa kasha la bati, tukaliburura hadi kivulini mwa mwembe palipotandikwa mkeka.

Vitu vilitoka kwa mpango ule ule kila mwaka. Kabuti la jeshi kwanza, zito kama mtu aliyelala. Mshipi wa turubai. Kisu na ala yake ya ngozi, kila kimoja peke yake. Picha iliyopigwa studio mjini Colombo, babu kakaza shingo pembeni ya meza yenye maua ya karatasi. Cheti cha kuachishwa jeshi. Noti sita za rupia alizotoka nazo vitani, noti za Mjapani. Mwisho kabisa, ndani ya kifuko cha kitambaa, medali moja ya mviringo na nyota moja ya pembe sita.

Kila kitu kilipotoka bibi aliuliza: "Cha nani?" Kusema "cha babu" hakukutosha. Ilibidi nitaje jina la babu, jina la baba yake, kikosi chake, "thelathini na sita Keya", na mahali alikokitoa. Nikikosea, kitu kilibaki mkekani. Nikipatia, kilipanguswa, kikaanikwa, jioni kikarudi kashani. Keya ni KAR, jeshi la mfalme wa Uingereza huku Afrika Mashariki. Neno hilo nililitamka miaka mingi kabla sijajua kwamba ni herufi tatu.

Nyota ile nimeigeuza mara nyingi tangu niwe mtu mzima. Mbele ina taji na herufi za Mfalme George wa Sita, na maneno ya Kiingereza yanayozunguka yakisema ni Nyota ya Burma. Nyuma ni patupu. Medali za Vita vya Kwanza, Waingereza walizichonga namba na jina la askari. Za Vita vya Pili waliamua zitoke bila jina. India, Afrika Kusini na Australia walichonga za watu wao. Ya babu ilikuja kama zilivyokuja za Waingereza wenyewe, na ukiichanganya na nyingine mia, hata malaika hawezi kukuchagulia. Ndipo nilipoelewa bibi alikuwa akifanya nini chini ya mwembe. Alikuwa anachonga.

Na nyota haiko peke yake katika ukimya huo. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ina maandishi kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, lakini haina jina hata moja la askari wala la mpagazi. Kariakoo imebeba jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na kila siku watu hulitaja wakiulizia bei ya vitunguu. Wapagazi wenyewe, waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na homa, nani awataje? Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Niliposoma habari hiyo nilimwona bibi kakaa mkekani, kashika kisu cha babu, ananingoja nikumbuke jina la baba wa babu.

Babu alikwenda vitani kwa meli kutoka bandari ya Kilindini. Njia hiyo hiyo, tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa dakika chache. Kati ya watu wapatao 1,500 waliokuwamo walikufa karibu 1,300, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Nani katika familia zile angepata hata kifungo cha kuanika?

Ufundi wa kutunza hauna karakana wala mwanagenzi anayelipwa. Zana za bibi zilikuwa kitambaa cha marekani, kafuri, unyoya wa kuku na subira. Marekani ile, kabla haijagusa kabuti, ilichemshwa na kufuliwa mara tatu mpaka wanga wa kiwandani ukatoka wote. Nilidhani ni kupenda usafi kupita kiasi. Miaka baadaye nilikuja kusoma kwamba wahifadhi wa makumbusho nao hufunga nguo za kale kwa pamba isiyopaushwa, iliyofuliwa mpaka wanga umetoka, kwa sababu wanga ni karamu ya wadudu. Bibi hakusoma popote. Aliwahi kuona kanga mpya, kabla ya maji, inavyoliwa na mende.

Kabuti ni la sufu, na adui wa sufu ni nondo. Tena si yule kipepeo mwenyewe bali kiwavi wake, anayependa sehemu zilizoingia jasho. Kwa hiyo unyoya wa kuku ulipita kolani, makwapani na chini ya vifungo, taratibu, kama mtu anayemchambua mtoto chawa. Kafuri iliwekwa kwenye kifuko chake, haikugusa nguo. Halafu kukunja. Hapo ndipo ulipomjua fundi. Kabuti halikukunjwa mahali lilipokunjwa mwaka uliopita, na ndani ya kila mkunjo alilaza kitambaa kilichoviringwa kama mto wa mtoto mchanga. Sufu ikivunjwa mstari mmoja miaka hamsini hukatika penyewe bila nondo kuisaidia.

Kisu hakikurudi alani. "Ngozi inamtafuna," alisema, na ni kweli: dawa iliyolainishia ngozi hutoa asidi, chuma kikashika kutu, na shaba ikatoa ule utando wa kijani unaonata kama nta. Nyota nayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Pwani yetu adui yake ni chumvi, ya hewani na ya viganjani mwetu. Ikishaingia, unga wa kijani hafifu huanza kuchimba madini kwa ndani. Ndiyo maana bibi aliishika kwa kitambaa, kwenye ncha zake tu. Utepe wake wa buluu iliyokoza, mwekundu katikati, una mistari miwili ya chungwa inayosemekana ni jua. Kwetu umebaki na rangi zake kwa sababu haukutundikwa ukutani. Mzee mmoja jirani aliuweka wake ndani ya fremu sebuleni, mkabala na dirisha; jua la Tanga limelila jua la Burma, umebaki utepe wa kijivu.

Sasa niseme langu. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili niliiba nyota kwa nusu saa nikaisugua kwa ndimu na majivu, kama tunavyosugua sinia. Nilitaka ing'ae niwaonyeshe wenzangu. Iling'aa kweli, kisha ikageuka rangi ya waridi kama kidonda kinachopona: asidi ilikuwa imeondoa zinki juu, ikabaki shaba tupu. Moja ya zile herufi za mfalme ililainika, haijawahi kukaa sawa tena. Bibi hakunipiga. Aliishika, akaitazama, akasema, "Umemwosha babu yako mpaka umemchubua." Afadhali angenipiga.

Baba yangu mdogo naye alikipeleka cheti cha babu dukani kikapigwa laminesheni. Nia yake ilikuwa njema, na ndiyo hasara yenyewe, kwa sababu huwezi kumlaumu. Joto la mashine liliifanya karatasi ya zamani iwe ya kahawia, na plastiki ile haitoki bila kutoka na maandishi. Karatasi ya zamani inataka kunyooshwa tu, ilale kati ya karatasi safi, ipigwe picha kwa simu, na anayetaka kuisoma asome picha. Ukitaka kuandika kitu nyuma ya picha, andika kwa penseli, tena kwa mkono mwepesi. Wino hupenya.

Si kila alichofanya bibi ninakifuata. Alifukiza udi ndani ya kasha, na moshi wa udi una mafuta. Nimeacha, ingawa kila nikifungua nakosa harufu yake. Badala yake natia vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mifuko ya plastiki sitaki kuiona, kwa kuwa hufungia unyevu ndani pamoja na ulichotaka kukilinda. Na kama katika kasha la mzee wako mna risasi au bomu, usianike: waite polisi.

Zile noti za Mjapani nazo zina kisa. Zimeandikwa rupia, zina herufi B ya Burma, na hazina namba za mfululizo. Nazo hazina jina, ukipenda. Niliwahi kuipeleka moja dukani ninunue kashata. Mwenye duka aliigeuza, akainusa, akanipa kashata bure kwa kicheko.

Rafiki yangu mmoja hunisuta: unatunzaje taji la aliyetutawala? Nakiri kwamba swali lake lina haki. Babu alipigana chini ya bendera isiyo yake, kwa mshahara uliokuwa chini ya ule wa Mzungu aliyenyeshewa naye mvua moja. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katikati ya masika ya kule, matope hadi magotini, malaria kila mahali, kila mtu akimeza vidonge vya njano vilivyogeuza ngozi rangi. Mwanzoni mwa Desemba waliingia Kalewa, na mto Chindwin ukavukwa kwa daraja la kuelea la futi 1,154. Taji liko mbele ya nyota, silifuti. Lakini matope yale hayakuandikwa upande wowote wa nyota, na bila mtu wa kuyasimulia, kilichobaki ni taji peke yake. Dalali aliyekuja kuitazama alitoa bei ya kuku wawili. Hakuwa mwongo: kwa mtu asiyejua ni ya nani, ndiyo thamani yake.

Kinasimuliwa kisa cha mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipowalipa askari wazee wa Wajerumani malimbikizo ya mishahara yao ya vita vya 1914 hadi 1918. Walikusanyika Mwanza. Wachache tu ndio waliokuwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare, wengine mikono mitupu. Mlipaji, wasema, akamwita kila mzee mbele, akampa ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani kama kwenye gwaride. Hakuna aliyekosea. Nakipenda kisa hiki na kinanitisha pia, maana hazina ya aina hiyo huzikwa na mwenyewe.

Mwaka huu kusi ilichelewa. Mpwa wangu wa miaka tisa ndiye aliyeshika mkono wa kushoto wa kasha. Nimemkatia vipande vya karatasi ngumu, kila kitu kiwe na chake, naye anaandika kwa penseli, ulimi nje. Alimaliza jina la babu, la baba yake, na kikosi. Kwenye mahali akasita.

"Mjomba, niandike Burma au Myanmar? Mwalimu anasema siku hizi ni Myanmar."

"Babu alikuwa akisemaje?"

Akafikiri, akalamba ncha ya penseli, akaandika *Bama*.