Sifa ya Mshipi

Zana zote za mvuvi wa mshipi zinaingia katika kikapu kimoja, na nafasi bado inabaki ya mkate, chupa ya maji na kiberiti. Kuna nailoni iliyozungushwa kwenye kipande cha ubao, ndoana za namba mbalimbali zilizochomekwa kwenye kipande cha ndara kuukuu, chubwi za risasi, kisu, na ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli wa kuvisha kidole. Ongeza mtumbwi, makafi mawili, upondo, jiwe la nanga na kopo la kukumba maji, hesabu imekwisha. Mtu akitaka kuanza kesho, mtumbwi ataazima na vilivyobaki atavipata duka lolote la pwani bila kuuza shamba. Kisha atakwenda baharini na kurudi mikono mitupu, na jirani yake aliyenunua uzi uleule katika duka lilelile atapanda pwani na mtungo wa changu.

Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu. Juya lina werevu wake ndani yake lenyewe: ukubwa wa macho, urefu wa kamba, wingi wa watu wa kuvuta. Dema nalo limeshafikiriwa na aliyelisuka; mlango wake ulikwisha kuamua nani akiingia hatoki, na mvuvi anaweza kulala nyumbani huku dema linamfanyia kazi. Mshipi hauna werevu wowote. Ni uzi wenye ncha. Yote yaliyobebwa na zana nyingine, huu umeyaacha kwa mtu, na mtu hana budi kuyabeba kichwani na mkononi.

Nimeutazama uvuvi huu kwa karibu katika Ghuba ya Chole, kusini mashariki mwa kisiwa cha Mafia. Ghuba hiyo imekingwa na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, na maji yake huingia na kutoka bahari kuu kupitia mlango wa Kinasi. Mara mbili kila siku mafungu huibuka na kuzama, mikoko husimama mikavu kisha ikazamishwa magoti. Mtu asiyejua saa za maji hapo hawezi hata kuondoka pwani, kwa kuwa mtumbwi wake utamngoja juu ya tope.

Kwa hiyo elimu ya kwanza ni ya mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku hizo maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kiasi cha dakika 50, hadi kufika robo ya mwezi ambapo yanaingia maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Anayejua tarehe ya mwezi anajua na saa ya bahari, hahitaji jedwali.

Mgeni angedhani bamvua, kwa wingi wake wa maji, ndiyo neema ya mvuvi. Kwa mwenye mshipi ni taabu. Mkondo unakwenda kasi, chubwi haitulii chini, uzi unalala ubavu na chambo kinapaa juu ya mwamba badala ya kukaa mlangoni pa samaki. Mvuvi wa mshipi hupenda maji mafu, au ule muda mfupi maji yanaposimama kati ya kujaa na kupwa. Lakini bamvua nayo ina fungu lake katika kazi hii, kwani ndiyo inayoufunua mwamba ili wanawake washuke na vijiti kuchokoa pweza. Mkono wa pweza ni chambo kigumu, haunyofoki kwenye ndoana kwa kudonolewa mara mbili tatu. Chambo cha mshipi mara nyingi kimepita katika mikono ya mama mmoja aliyeinama mwambani siku chache kabla.

Elimu ya pili ni ya mahali. Samaki wa mwambani hawakai popote. Wanakaa kwenye kichwa fulani cha mwamba, pengine kipana kisichozidi ua wa nyumba, chini ya maji yanayofanana kila upande. Mvuvi hukipata kwa alama mbili. Upande mmoja hulinganisha mnazi na ncha ya kisiwa kilicho nyuma yake; upande wa pili hulinganisha paa la msikiti na mbuyu, au, siku hizi, mnara wa simu na pengo la mikoko. Jozi hizo mbili zikisimama sawasawa kwa wakati mmoja, mwamba uko chini ya miguu yako. Alama nzuri haitangazwi. Nimeona mzee akiacha kuteremsha nanga kwa sababu chombo kingine kilikuwa karibu, akajifanya anapita tu, akarudi baadaye maji yalipobaki yake peke yake.

Kisha kuna chombo chenyewe. Mtumbwi huchongwa kwa tezo katika gogo moja, na siku hizi gogo hilo mara nyingi ni la mwembe, maana miti mikubwa ya msituni imekuwa adimu na mwembe mkongwe uko karibu na nyumba. Ukitiwa mirengu miwili na matengo pembeni, ukasimamishiwa mlingoti na tanga la pembetatu, umekuwa ngalawa, nayo hufika nje ya mwamba. James Hornell, mtafiti wa vyombo vya bahari, aliandika mwaka 1934 kuwa matengo haya ya pande mbili ni athari ya mabaharia wa visiwa vya Indonesia, ambako ndiko ilikotoka lugha ya Madagaska. Kwa uvuvi wa mshipi, ubora wa mtumbwi uko katika udogo wake. Unapita juu ya mwamba kwenye maji ya magotini, unaingia kwenye vijito vya mikoko ambako boti ya mashine ingekwama, na hauna kelele. Kanuni ya kwanza anayofundishwa kijana wa omo ni kutogonga kafi kwenye ubavu wa mtumbwi. Katika maji mafupi pigo moja la kafi linatosha kuharibu nusu saa ya kungoja.

Nanga ni jiwe tu. Likinasa, kamba inakatwa na hasara ni jiwe. Huteremshwa mbele ya mwamba, upande mkondo unakotoka, kisha kamba inaachiwa kidogo kidogo mpaka mtumbwi ukae pale alama zinapokutana. Ndipo uzi unashushwa, nao hupimwa kwa mikono: kila upana wa mikono miwili ni pima moja, na mvuvi huhesabu pima kimoyomoyo. Samaki akipatikana kwenye pima ya tisa, uzi unaofuata utakwenda pima ya tisa, pasipo kubahatisha.

Baada ya hapo kazi yote iko kwenye kidole cha shahada. Uzi umelazwa juu yake, umenyooka lakini haukukazwa, na dole gumba limekaa tayari. Nilipokaa omo kwa mara ya kwanza nilivuta kila nilipohisi chochote. "Mjukuu wangu, usivute," mzee aliyekaa tezi aliniambia. "Mjue kwanza nani anabisha hodi." Nikadhani ananitania, hadi aliposema, uzi ukiwa bado chini, "Huyu kikande," akapandisha ndoana iliyoliwa chambo ikabaki tupu. Kikande ana kinywa kidogo na meno makali, hudokoa kwa haraka haraka na kumaliza chambo bila kuigusa ncha. Changu hupiga mara moja, hutulia, kisha huvuta kwa nguvu iliyo sawa. Huyo husubiriwa pigo la pili. Kolekole haendi chini, hukata maji kwenda mbali, na anayemkatalia uzi atakatikiwa. Huachiwa, huvutwa, huachiwa tena. Chewa ndiye mtihani. Humeza chambo chote bila papara, kisha hurudi shimoni kama mpangaji aliyemwona mwenye nyumba, na akishaingia hutanua mashavu yake, hatoki. Kwake hakuna nafasi ya kusubiri: mkono lazima upande pima moja au mbili papo hapo, kabla hajageuka. Samaki wanne, majibu manne yanayopingana, na muda wa kuchagua ni mdogo kuliko wa kusoma sentensi hii.

Nje ya mwamba kuna njia nyingine, kurambaza, ambapo uzi unakokotwa nyuma ya ngalawa inayokwenda kwa tanga. Chambo hapo ni kipande cheupe cha ubavu wa samaki au kitambaa kinachometa, na mbele ya ndoana hufungwa waya, kwani nguru hukata nailoni kwa meno. Kasi ya chombo ndiyo inayokipa chambo uhai. Nahodha anayerambaza anaendesha tanga kwa ajili ya ndoana; akipita mbio mno kipande kinaruka juu ya maji, akichelewa kinazama kama uchafu. Kusi linapovuma kwa nguvu, Juni na Julai, wenye vyombo vidogo hawatoki mlangoni, hubaki ghubani.

Asije mtu akadhani kuwa uzi na ndoana ni mambo ya watoto. Desemba 1938 meli ya kukokota nyavu ilimpata karibu na East London, Afrika Kusini, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka duniani kwa mamilioni ya miaka: silikanti. Profesa J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki, alimtafuta wa pili kwa miaka 14, akasambaza matangazo yenye picha na ahadi ya zawadi ya pauni 100. Matangazo hayo yalifika Komoro kwa mkono wa nahodha Eric Hunt, mfanyabiashara wa baharini aliyekutana na akina Smith Unguja. Desemba 1952, usiku, mvuvi wa kisiwa cha Nzwani aitwaye Ahamadi Abdallah akampandisha kwa mshipi. Wakomoro walimfahamu tangu zamani, wakimwita gombessa. Wavuvi wao hutoka usiku kwa ngalawa ndogo hadi juu ya miteremko mikali ya visiwa vyao vya volkano, wakashusha uzi kwa uzito wa jiwe zaidi ya mita 100, mahali ambapo nyavu za meli zingechanika kwenye mawe matupu. Elimu ya dunia ilifika pale kwa kufuata kidole cha mtu. Na kwetu, silikanti walipoanza kuonekana kwa wingi Tanga kuanzia 2003, walikuwa wameshikwa na majarife yaliyotegwa kwenye kina kirefu, kiasi kwamba mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari yenye jina lao.

Sisemi mshipi hauna madhara. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wakishakuwa wakubwa; mwamba ukiondolewa wakubwa wake wote, umeondolewa madume. Mvuvi hodari anaweza kufanya hivyo kwa ndoana moja, polepole, siku baada ya siku. Lakini yeye anaweza kuacha, na hapo ndipo penye heshima ya kazi yake. Bomu la baruti haliwezi kuacha. Linaua kichanga na mzazi, kisha linavunja nyumba yao. Juya haliwezi kuacha. Mwenye mshipi akipandisha samaki mdogo anaye mkononi, mzima, na ndoana hutolewa kwa kuzungusha kidole. Uamuzi unabaki wa kwake hadi dakika ya mwisho. Sheria inalijua hilo: katika Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995 ikiwa ya kwanza Tanzania, yako maeneo yasiyovuliwa kabisa, na katika mengine wenyeji huachiwa zana zisizoharibu, mshipi ukiwamo.

Wala siwalaumu vijana wanaoukimbia. Mshipi hautajirishi. Mapato ya siku njema hulipa deni la siku mbaya, jua halina huruma, na kukaa tumbo tupu ukisubiri pigo la pili la changu si jambo la kumwimbia mtu mwenye karo ya watoto. Anayepata nafasi kwenye boti ya mashine na nyavu ataichukua, na mimi ningeichukua. Ila tujue kinachoondoka. Juya la marehemu humfaa mwanawe siku ileile anaporithi. Mshipi wa marehemu ni mita kadhaa za nailoni iliyochakaa. Alama za mwamba, saa za maji na tofauti ya kikande na changu vimezikwa naye, na hakuna ofisi ya uvuvi yenye daftari la kuviandika.

Kwa hiyo anayetaka kuurithi hana njia ya mkato. Aamke alfajiri, aombe nafasi ya omo, akumbe maji, akate chambo, aache kugonga kafi. Kidole chake kitachanika kabla hakijaanza kufahamu. Na siku kitakapofahamu hakuna mzee atakayemtangazia. Atajua mwenyewe, pale atakapokuta chewa yumo mtumbwini na mkono wake ulivuta kabla yeye hajaamua.