Fundi wa Treki Nne

Besi, dufu, kayamba, gita, waitikiaji wanne wanaotaka kusikika kama wanane, na juu yao mwimbaji mmoja. Ukihesabu, hapo kuna mambo saba ya kurekodiwa, na mashine ina treki nne. Hesabu inakataa, lakini wimbo unatoka. Jabe, mtaa wa Bujumbura uliobanana na Buyenzi na Bwiza, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya gereji, ya duka na ya barazani, yupo fundi anayeifanya kazi hiyo kwa mashine ndogo ya dijitali inayoenea kwenye mkoba wa mwanafunzi. Chumbani mwake hamna kompyuta. Ana maikrofoni mbili, hedifoni mbili, betri za akiba, na subira ambayo sijaiona kwa watu wengi wenye vifaa vya bei kubwa.

Kazi yenyewe huitwa kubaunsi. Treki zilizokwisha kurekodiwa huchezwa zote pamoja, fundi akazipatanisha, hii juu, ile chini, moja kushoto, nyingine kulia, na mashine ikayarekodi mapatano hayo kwenye treki moja au mbili mpya. Zile za mwanzo zinaachia nafasi, na watu wengine wanaingia kuimba au kupiga. Ukitaka, unabaunsi tena.

Wengi huiona ni kazi ya mwenye shida. Kwa nini mtu ajibane kwenye treki nne wakati programu ya kompyuta humpa mia na zaidi? Nimekaa pembeni ya fundi huyu, na sikubaliani nao. Mwenye treki mia huahirisha: dufu itakaa wapi, ataamua wiki ijayo. Fundi wa treki nne hana wiki ijayo. Anaamua sasa hivi gita litakuwa na nguvu gani chini ya sauti ambayo bado haijaimbwa, na akishaamua, harudi nyuma kirahisi. Lazima awe ameshausikia wimbo uliokamilika kabla haujawa wimbo. Hapo ndipo ulipo ufundi wote, na mengine ni kubonyeza vitufe tu.

Ufundi huu una ukoo mrefu. Les Paul, mpiga gita wa Marekani, aliitoa "How High the Moon" mwaka 1951, sauti ya mkewe Mary Ford ikiwa imerundikwa juu ya sauti yake mwenyewe hata mtu mmoja akawa kundi zima. Kati ya 1966 na 1967, katika studio za EMI za Abbey Road, London, Beatles walitengeneza albamu ya "Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band" kwa mashine za kanda zenye treki nne. Mtayarishaji wao George Martin na fundi wa sauti Geoff Emerick walikuwa wakijaza treki nne, wanazihamishia kwenye mashine ya pili zikiwa zimepunguzwa, halafu wanaanza kujaza upya. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ikaleta Portastudio 144, iliyotumia kaseti ya kawaida, na kazi ya studio ikaingia chumba cha kulala. Bruce Springsteen aliitumia kurekodi nyumbani kwake nyimbo za "Nebraska", albamu iliyotoka 1982.

Watu wa kaseti walikuwa na hesabu yao, na naipenda sana. Rekodi treki tatu za kwanza, kisha zibaunsi kwenye ya nne huku mpigaji mwingine akipiga moja kwa moja: hapo una sehemu nne ndani ya treki moja. Rekodi mbili, zibaunsi kwenye ya tatu pamoja na mpigaji wa papo kwa papo: tatu. Rekodi moja, ibaunsi kwenye ya pili kwa namna ileile: mbili. Malizia na treki iliyobaki: moja. Jumla ni kumi, na hakuna sehemu iliyobaunsiwa zaidi ya mara moja. Hilo la mara moja halikuwa jambo dogo. Kwenye kaseti kila nakala huongeza mvumo na kuinyang'anya sauti ule mng'ao wa juu. Kayamba iliyobaunsiwa mara tatu ilisikika kama mtu anayesugua sakafu chumba cha pili.

Dijitali imeuondoa mvumo huo. Mashine ndogo zilizofuata, nyingi zikiwa zinakubali betri za kawaida za kalamu, zilileta pia zawadi nyingine: treki za akiba. Nyuma ya kila treki inayosikika kuna nyingine kadhaa zilizojificha, unazibadili upendavyo. Ya fundi wetu ina nane kwa kila moja, ingawa nne tu ndizo zinazoweza kusikika kwa wakati mmoja. Maana yake anaweza kubaunsi zote nne kwenye treki za akiba bila kufuta chochote, jambo ambalo mtu wa kaseti hakuliota. Lakini dijitali haikusamehe kila kitu. Baadhi ya mashine hizi huhifadhi sauti ikiwa imebanwa ili kadi isijae, kwa hiyo kila ukibaunsi sauti hufunguliwa na kubanwa upya, na inapoteza kidogo. Pia dari lake ni gumu. Kanda ukiizidishia sauti kidogo huinenepesha. Dijitali ukiizidishia inapasuka. Treki nne zenye nguvu sawa zikijumlishwa huongezeka kwa takriban desibeli 6, na asiyeacha nafasi hiyo mapema atasikia mikwaruzo kila dufu inapolia.

Sasa tumtazame akifanya. Hurekodi usiku, baada ya swala ya Isha, mtaa ukiwa umetulia. Si kwa sababu anachukia kelele. Kila treki hubeba pamoja na chombo chake sauti ya chumba, na nne zikijumlishwa, chumba nacho kinajumlishwa mara nne. Mvua ikianza kupiga mabati anasimamisha kazi bila kunung'unika. Umeme ukikatika hamwambii mtu kitu, mashine inaendelea kwa betri. Ila hubadili betri zote kabla ya kubaunsi, hata kama za zamani bado zina uhai, kwani betri ikifa katikati ya zoezi hilo hujui mashine imehifadhi nini na imetupa nini.

Besi inaingia treki ya kwanza, dufu ya pili, kayamba ya tatu, gita ya nne. Zimejaa. Mtu mwenye haraka angezipatanisha mpaka zipendeze masikioni, akabonyeza kitufe. Yeye anajua kwamba kinachopendeza sasa ndicho kitakachoudhi baadaye. Kuna watu watano hawajafungua mdomo bado, na wakifungua watakaa mahali palepale panapokaa gita. Kwa hiyo gita analishusha chini kuliko linavyotaka sikio na kulisogeza kushoto kidogo. Dufu anaipandisha juu kuliko adabu, maana waitikiaji wataifunika. Ukisikiliza hatua hii peke yake utadhani amekosea. Mpiga gita mwenyewe, kijana, alinyanyua uso akamtazama.

Halafu akafanya jambo lililonifanya niandike makala haya. Akampa mwimbaji hedifoni, akamwambia, "Dada, imba kama unambembeleza mtoto. Sikurekodi, nataka tu nijue utakaa wapi." Akaimba wimbo mzima kwa sauti ya chini, bila maikrofoni, na fundi mkono uko kwenye fada nne, vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti, anamsikiliza kwa sikio moja lililo wazi na vyombo kwa sikio lililofunikwa. Kwenye ubeti wa pili, pale dada anaposhuka chini kabisa, besi ilikuwa inammeza. Fundi akaigusa besi mahali hapo, akairudisha kwenye kiitikio. Wakarudia. Mara ya pili kidole kilikwenda chenyewe. Sauti ya dada haikuingia kwenye kadi hata kidogo, lakini umbo lake limo: kila mahali vyombo vilipompisha, pale ndipo atakaposimama saa mbili baadaye.

Baada ya hapo ndipo akabaunsi. Kubaunsi kwa fada ni kupiga ala. Wimbo wa dakika nne ni dakika nne za kutokohoa, mkono ukipanda kwa kayamba kwenye kiitikio, ukishuka kwa gita mwimbaji anapoingia. Ukikosea dakika ya tatu na nusu, unaanza mwanzo. Alianza mwanzo.

Kuna hesabu nyingine aliyoifanya kimya, na inahitaji kuelezwa kwa sababu haionekani. Treki zikishaungana, kilichobaki mkononi mwa fundi ni kuongeza au kupunguza sauti nene, za kati na nyembamba kwa treki nzima. Chumvi ikishaingia mchuzini huwezi kuitoa kwenye viazi ukaiacha kwenye nyama. Kwa hiyo vyombo vinavyokaa pamoja huchaguliwa kwa kuwa mbali. Besi na kayamba ni majirani wema: ukiongeza nene, besi inaitika na kayamba haisikii, ukipunguza nyembamba, kayamba inatulia na besi haina habari. Amebakiwa na njia ya kurekebisha. Angeunganisha gita na waitikiaji, wote wa katikati, asingeweza kumgusa mmoja bila kumjeruhi mwenzake. Mwangwi wa bandia pia hakuutia kwenye vyombo. Mwangwi ukishabaunsiwa hautoki, na dufu ya Jabe inatosha kwa ukavu wake.

Vyombo vikawa treki mbili, kushoto na kulia. Waitikiaji wakasimama kuzunguka maikrofoni moja, aliyekuwa na sauti kubwa akarudishwa nyuma hatua mbili, wakaimba treki ya tatu, kisha wakaimba upya treki ya nne. Hizo mbili zikabaunsiwa kuwa moja. Treki ya mwisho ikawa ya dada. Alipoimba kwa sauti yake kamili, vyombo vilikuwa vimeshampisha. Yule mpiga gita akacheka kwa furaha, maana gita lake, lile lililoonekana kuonewa, lilikuwa linasikika kila uzi.

Nchi hii ina ushahidi mkubwa kuhusu treki zilizoungana ambazo hazitenganiki. Mwaka 1967 wapiga ngoma wa Burundi walirekodiwa kwa ajili ya lebo ya Ocora ya Ufaransa. Mwaka 1971 mpangaji muziki Mfaransa Michel Bernholc, kwa jina la Mike Steiphenson, aliichukua rekodi ile akaipigia gita na kinanda juu yake, ikatoka kama "Burundi Black". Mwaka 1975 Joni Mitchell akaiweka chini ya wimbo wake "The Jungle Line". Wote wawili walikuta ngoma zimeshapatanishwa. Hakuna aliyeweza kuipandisha ngoma moja na kuishusha nyingine, na hakuna aliyehitaji. Mapatano yalifanywa na wapigaji wenyewe kwa namna walivyopangana: inkiranya katikati ikiongoza, amashakwe yakishika mwendo usiokatika, ibishikizo yakifuata maagizo ya inkiranya. UNESCO iliiingiza ngoma hiyo kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Kwa macho yangu, nusu duara ile ya wapigaji ndiyo miksi bora kuliko zote zilizowahi kutoka Burundi, na ilifanywa bila fada hata moja. Yanayonisikitisha ni ya upande wa pili: nyimbo za wengine zilipata majina makubwa juu ya mikono ya watu ambao msikilizaji hakuambiwa ni kina nani.

Inanga, ala ya nyuzi ya hapa, nayo inafundisha somo lake. Mpigaji wake huimba kwa kunong'ona, pumzi ikipita chini ya nyuzi, na sikio ndilo linaloziunganisha. Fundi wetu aliwahi kuombwa aitenganishe, sauti treki yake, nyuzi treki yake. Akakataa. Aliweka maikrofoni moja, akaisogeza kidogo kidogo mpaka mnong'ono ukakaa, akarekodi treki moja. Kujua wakati wa kutobaunsi, kwa sababu mpigaji ameshafanya kazi hiyo kwa mwili wake, nako ni kuijua kazi.

Sasa mashine za namna hii zinauzwa kwa bei ya kutupa, na nyingi zinalala kabatini na kadi zao ndani. Kadi hizo hazidumu, na zile za aina ya zamani hata visomaji vyake vimeanza kuadimika. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama wewe au kaka yako mliwahi kurekodi kwaya, kaswida au bendi ya mtaa kwa mashine ya treki nne au nane, itoe leo. Itie betri mpya. Kabla ya kunakili wimbo uliomalizika, fungua treki za akiba zilizo nyuma yake, kwa maana huko ndiko ziliko besi, dufu na gita kabla hazijabaunsiwa, kila moja peke yake. Zinakili zote kwenye kompyuta, na kwenye kila faili andika mambo matatu: nani alipiga, wapi, mwaka gani.