Daftari la Mapigo

Kijana mmoja wa Kisondela, wilayani Rungwe, hupima mapigo ya moyo wake kabla hajashuka kitandani. Huweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, akahesabu dakika nzima. Wengi huhesabu sekunde 15 wakazidisha kwa 4. Yeye hataki, kwa sababu pigo moja likikosewa hapo huzaa makosa manne. Leo ni 48. Anaandika kwenye daftari, ndipo anainuka.

Nje analowesha vipande viwili vya mpira vilivyo upande wa ndani wa mkanda wa kifuani. Ngozi kavu haipitishi vizuri umeme mdogo wa moyo, na saa ya mkononi huanza kutoa namba za ajabu. Anaufunga mkanda chini ya misuli ya kifua, anavuta pumzi ndefu, anaulegeza kidogo. Kisha anakagua breki na mnyororo wa baiskeli, anaondoka.

Rungwe haina tambarare ya kujipimia. Barabara inapanda kati ya migomba na chai, inateremka, inapanda tena. Ndiyo maana daftari lake halina safu ya kilomita. Mtazame mlimani. Anabadilisha gia mapema, baiskeli ikiwa bado ina mwendo, na dakika ya kwanza haangalii saa kabisa, maana moyo huchelewa kuifuata miguu. Akishaingia kwenye mpando, anaitupia jicho mara moja: 158. Anapunguza nguvu, mabega yametulia. Kwenye mteremko anapiga pedali polepole, akiangalia mapigo yanavyorudi chini.

Jioni ndipo kazi yenyewe: kupima uzito wa zoezi. Kiwango chake cha juu cha mapigo ni 190, alichokipata kwenye mlima mkali akiwa mzima kabisa. Ile kanuni ya 220 ukitoa umri hakuitumia, na alifanya vema, kwani inaweza kumkosea mtu kwa mapigo 10 au zaidi. Mtafiti Eric Banister na wenzake, katika miaka ya 1970, walitafuta njia ya kuunganisha dakika na mapigo viwe namba moja. Baadaye Sally Edwards akairahisisha iwezekane kwa kalamu. Unagawa mapigo katika ngazi tano, kuanzia nusu ya kiwango cha juu, na kila dakika unaizidisha kwa namba ya ngazi yake. Leo: dakika 20 ngazi ya kwanza, 30 ya pili, 25 ya tatu, 10 ya nne, 5 ya tano. Anajumlisha mara mbili. 220.

Namba hiyo peke yake haimwambii kitu. Anaiweka chini ya zile za juma lililopita, kisha pembeni anaandika neno moja: nzito. Anajua kwamba mbio za sekunde chache huchosha miguu bila moyo kuonyesha sana, na kwamba joto, kiu au usingizi mbovu huyapandisha mapigo hata mwendo ukiwa uleule. Ukurasa wa nyuma una asubuhi mbili za 55, na mbele yake safu ya mazoezi iko tupu: siku hizo alipumzika. Kwa kijana mwenye miguu inayowasha, safu ile tupu ni kazi ngumu kuliko mlima wowote.

Sasa anaandika ya kesho: dakika 40, chini ya 133. Anafikiri, anaongeza: iwapo asubuhi haizidi 50.